Tui la kwanza mwisho: chakula cha usiku kwa mpishi anayeanza

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili, nilijikuta na siku arobaini mbele yangu na jiko nisilolijua. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa aje kutushikia nyumba, alikwama Mombasa kwa maradhi. Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu. Wanaume wa mtaa wetu wanapika, ndiyo, lakini ni kupika kwa harusi: sufuria la pilau la watu mia mbili, kuni za magogo, na watu kumi wa kukata vitunguu. Mpe mmoja wetu sufuria ya watu watano na jiko moja la makaa, ataanza kwa kuuliza mwiko uko wapi.

Usiku wa kwanza nilipika wali wa nazi. Nilitia tui lote kwa mpigo mmoja, zito na jepesi, nikatia mchele, nikafunika, nikatoka barazani kuzungumza. Niliporudi tui lilikuwa limefurika na kuzima nusu ya makaa. Chini wali umeungua, juu una kiini. Tulikula mkate wa dukani na chai.

Asubuhi yake shangazi yangu alikuja kumtazama mzazi, akaiona ile sufuria nimeiloweka uani. Hakucheka. Aliuliza tu, "Baba, tui la kwanza ulilitia lini?" Nikamwambia, mwanzo. "Basi ni hapo. La kwanza hutiwa mwisho."

Jioni alirudi, akaweka kiti kwenye mlango wa jiko, akanielekeza kwa mdomo bila kushika mwiko hata mara moja. Siku arobaini zilipokwisha nilikuwa na vyakula vichache ninavyoweza kuvipika hata nikiwa nimelala saa tatu tu. Karibu vyote vinasimama juu ya lile neno lake moja, ndiyo maana hapa naanzia kwenye nazi.

Vyombo

Sufuria mbili zenye vifuniko, moja iwe nzito kwa ajili ya wali. Kikaango. Kisu kinachokata kweli. Mwiko, upawa, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu au kichujio cha chai kilicho kikubwa, na sinia ya chuma ya kupalia makaa. Kisha chagua kikombe kimoja nyumbani, kiwe ndicho kipimo chako kila siku. Changu kinaingia mililita 250, na vipimo vyote hapa ni vya kikombe hicho, kwa watu wazima watatu na watoto wawili. Shangazi hapimi kwa kikombe, anapima kwa jicho, lakini jicho lake lina miaka hamsini jikoni.

Nazi

Jua kwanza unachonunua. Dafu ni la kunywa. Koroma limeanza kujenga nyama, lakini ukilikamua utapata maji yaliyopauka. Unayoitaka ni nazi iliyokauka, nzito mkononi, ambayo ukiitikisa karibu na sikio maji yanacheza ndani. Isiyolia imepasuka mahali au imekaa mno. Tazama na yale macho matatu, yakiwa na ukungu au unyevunyevu, irudishe na uchukue nyingine, muuzaji hatakasirika. Wali na mchuzi vinataka nazi mbili kubwa, kila sufuria na yake.

Ishike kwa kiganja juu ya bakuli, uipige kwa mgongo wa kisu kizito katikati, pale kwenye kiuno chake, huku ukiizungusha. Baada ya mapigo matatu au manne itapasuka. Onja maji yake kabla hujafanya lolote jingine. Yakiwa makali, au yananuka mafuta yaliyochacha, usijidanganye kuwa viungo vitaficha. Mchuzi mzima utanuka hivyohivyo.

Ukikuna, zungusha kifuu polepole kutoka ukingoni kwenda ndani, na uache ukifikia ile ngozi ya kahawia, kwa sababu inachafua rangi ya tui. Kidole gumba kikae nyuma ya kifuu. Mimi changu kilikaa mbele ya meno ya mbuzi, na kovu lipo.

Nazi iliyokunwa imiminie kikombe kimoja cha maji vuguvugu, uikande kama unga kwa dakika mbili, kisha ukamue kupitia kichujio. Hilo ni tui la kwanza, zito, jeupe kama maziwa ya ng'ombe. Liweke kwenye bakuli lake peke yake. Rudisha machicha, tia vikombe viwili vya maji, kanda, kamua, na urudie tena kwa vikombe viwili vingine. Hayo mawili ya mwisho yachanganye pamoja, ndilo tui jepesi.

Kwa nini kuyatenganisha? Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji kwa vitone vidogo sana, na protini ya nazi ndiyo inayovishikilia visiungane. Moto mkali unaiharibu protini hiyo, vitone vinaungana, mafuta yanapanda juu, na chini yanabaki maji yenye chengachenga. Hapo tui limekatika, na halirudi. Ndimu na ukwaju vinaharakisha msiba huohuo. Tui jepesi lina mafuta machache, kwa hiyo lichemshe upendavyo, kazi yake ni kuivisha. Zito ni la kuleta ladha na unene, nalo huingia mwishoni, moto umepunguzwa, sufuria iko wazi, na wewe umesimama hapohapo unakoroga. Shangazi anasema ukoroge kuelekea upande mmoja tu. Sijaona tofauti, ila akiwapo nakoroga kuelekea upande mmoja.

Tui la pakiti je? Latumika. Siku mtoto aliyelia usiku kucha ameamka tena, usijitese kukuna. Pakiti lenyewe likiwa zito lichukulie kama tui la kwanza, na ukitaka jepesi changanya sehemu moja ya pakiti na sehemu tatu za maji. Harufu haitakuwa ileile.

Wali wa nazi

Vikombe vitatu vya mchele, nazi moja iliyokamuliwa kama nilivyoeleza, kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi. Ukipenda, punje mbili za iliki. Basi. Maji ya nyumbani kwenu yakiwa na chumvichumvi, anza na kijiko kimoja.

1. Chagua mchele kwenye uteo, utoe mawe. Uoshe mara tatu, uuloweke dakika ishirini, kisha uuchuje vizuri. Mchele unaovuja maji unakuharibia hesabu ya tui.

2. Pima vikombe vinne vya tui jepesi, tia kwenye ile sufuria nzito pamoja na chumvi, acha lichemke. Onja. Liwe na chumvi kidogo zaidi ya unavyotaka, kwa kuwa mchele utainywa.

3. Tia mchele, koroga mara moja, na usifunike bado. Likichemka tena punguza moto hadi wa kadiri.

4. Baada ya dakika nane hivi utaona vishimo juu ya mchele na tui karibu limezama. Sasa mimina kikombe kimoja cha tui zito, ulizungushe juu yote, na upitishe mwiko kutoka kandokando kwenda chini mara mbili tatu. Usikoroge kama uji, punje zitavunjika.

5. Acha tui lizame, dakika mbili au tatu. Kisha toa makaa mengi chini ubakishe machache, funika, weka sinia juu ya kifuniko na makaa matano sita juu yake. Huku ndiko kupalia. Robo saa.

6. Fungua, tafuna punje moja ya juu na moja ya katikati. Ikiwa bado ina kiini, nyunyiza tui au maji kwa vidole, funika tena dakika tano.

Mwenye jiko la gesi hana makaa ya kupalia. Weka tawa la chapati chini ya sufuria ili moto usigonge mahali pamoja, uwashe moto mdogo kabisa, na kifuniko ukivishe kitambaa safi kinywe mvuke, ncha zake uzifunge juu zisining'inie kwenye moto. Mchele nao hutofautiana. Wa Mwea na ule wa Pakistani nilioutumia hunywa kipimo hicho sawasawa. Mchele mpya uliovunwa karibuni hunywa maji machache kuliko huo wa zamani, anza kwa kupunguza nusu kikombe cha tui jepesi. Ukitokea bokoboko usiufungulie kesi, mpe mtoto kwa samli.

Mchuzi wa samaki

Hapa ndipo penye raha, na ndipo wanaoanza wanapoogopa bure.

Anza sokoni. Kwa mara ya kwanza nunua samaki mwenye nyama ngumu na miiba michache mikubwa: nguru, au kolekole. Changu ni mtamu kuliko wote hao kwa mchuzi, ila ana miiba, na usiku umeme ukikatika utamlisha mtoto kwa kupapasa. Pono muache kwanza, nyama yake ni laini, atavurugikia sufuriani. Tafi ni samaki mzuri sana, lakini kama unamsafisha mwenyewe jihadhari na miiba ya mapezi yake, ina sumu. Ikikuchoma, loweka mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, maumivu yatapungua kwa kuwa sumu hiyo huvunjwa na joto.

Samaki mbichi hasa ana macho yaliyojaa na kung'aa. Fungua mashavu yake, ndani pawe pekundu. Bonyeza nyama kwa kidole, irudi. Anuke bahari. Kwa jodari na vibua kuna jambo la kuzidi: wakikaa juani, nyama yao hujenga histamini, na hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Mlaji anageuka mwekundu usoni, anawashwa, kichwa kinamgonga. Kwa hiyo ulizia amevuliwa lini, na kama hukuridhika, chukua wa aina nyingine. Mwambie muuzaji akuparie magamba, amtoe matumbo na kumkata vipande vya unene wa vidole viwili. Kichwa usikiache kwake, hicho ndicho supu.

Kwa kilo moja: ndimu moja, punje nne za thomu (kitunguu saumu) zilizotwangwa, chumvi kijiko kidogo, nusu kijiko cha pilipili manga. Mpake samaki, umwache nusu saa, si zaidi. Ndimu ikikaa muda mrefu inaanza kumbadilisha nyama, anakuwa mkavu.

Wakati anangoja, andaa vitunguu maji viwili vilivyokatwa vyembamba, nyanya nne zilizoiva zilizosagwa au kukunwa, kijiko kikubwa cha nyanya ya mkebe, kijiko kidogo cha bizari ya mchuzi, nusu kijiko cha manjano, na ukwaju wa ukubwa wa yai la njiwa uliolowekwa kwenye nusu kikombe cha maji ya moto kisha ukachujwa. Nazi ya mchuzi ikamue kwa maji machache: kikombe kimoja kwa tui la kwanza, viwili kwa la pili.

Pasha mafuta kwenye kikaango, uwakaange samaki dakika mbili kila upande. Lengo si kumwivisha, ni kumshikiza ngozi asivunjike. Watie wakati mafuta yamepata moto kweli, na usiwaguse mpaka waachie wenyewe. Samaki anayeng'ang'ania kikaango anakwambia hajawa tayari kugeuzwa. Hili lilinigharimu vipande vitatu.

Kwenye sufuria, vijiko viwili vya mafuta na vitunguu. Vikaange kwa subira hadi viwe rangi ya dhahabu, dakika kumi hivi. Wanaoanza wanatia nyanya kitunguu kingali cheupe, halafu wanashangaa mchuzi una harufu mbichi. Tia thomu nyingine mbili, zikinukia tia manjano na bizari, koroga nusu dakika tu, kisha nyanya zote. Sasa ngoja. Nyanya zitatoa maji, zitapungua, zitaanza kurukaruka, na mwisho utaona mafuta yanajitenga pembeni. Hiyo ndiyo alama. Ikitokea, tia ukwaju na uuache uchemke na nyanya. Ndiyo dawa ya kukatika: ukali wa ukwaju umalize hasira zake kabla tui zito halijafika.

Mimina tui jepesi, onja chumvi, tia pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuka, na bilingani mbili ndogo zilizokatwa mapande ukipenda. Zikilainika mpange samaki kwa utaratibu, kipande kwa kipande, na kuanzia hapo weka mwiko chini. Ukitaka kuchanganya, shika sufuria kwa mikono miwili na kitambaa, uitikise. Dakika saba.

Toa makaa. Mimina tui zito taratibu pembeni mwa sufuria, ukitikisa. Acha wazi. Likianza kufukuta kandokando, hesabu dakika tatu, onja, epua. Dania juu. Ile pilipili mbuzi iondoe sasa, kabla mtu hajaipasua gizani. Nyumbani kwetu aliyekuwa anaitaka alipewa kwenye sahani yake, mzazi hakuruhusiwa hata kuinusa.

Likikatika pamoja na yote hayo? Mchuzi unalika, ni sura tu iliyoharibika. Usiongeze tui jingine juu ya moto uleule. Epua, tia vijiko viwili vya tui zito lisilopikwa kwenye upawa, changanya na mchuzi kidogo, urudishe nje ya moto. Utapendeza kiasi.

Mchicha wa kuweka kando

Wa dakika kumi na tano, na hauna siri. Mafungu mawili ya mchicha uliooshwa mara nyingi (mchanga ndio adui), kitunguu kimoja, nyanya moja, chumvi. Kaanga kitunguu, tia nyanya, tia mchicha bila maji maana utatoa yake. Ukinywea na maji karibu kukauka, nusu kikombe cha tui zito, koroga, epua likifukuta. Mboga nyingi za soko la kando ya Ngome huvuka kwa mashua kutoka Mokowe, kwa hiyo nenda asubuhi. Ya jioni imeshanyauka na inahitaji mafungu matatu.

Usiku wa pojo

Kusi ikikaza, kuanzia kama Mei hadi Agosti, bahari inachafuka, mashua ndogo hazitoki, na samaki anakuwa adimu na ghali. Ndipo nafaka zinapookoa nyumba. Mimi napenda pojo, ambazo watu wa bara huziita ndengu, kwa kuwa zinaiva haraka kuliko kunde na mbaazi kavu.

Vikombe viwili vya pojo, chagua mawe, osha, loweka saa mbili kama una nafasi. Chemsha kwa maji yaliyozipita vidole vitatu hadi zipasuke, dakika arobaini hivi, ukiongeza maji ya moto zikikauka. Kando, kaanga kitunguu, thomu, kipande cha tangawizi, bizari nyembamba nusu kijiko na nyanya mbili. Miminia pojo pamoja na tui jepesi vikombe viwili, chumvi, acha zitokote robo saa. Ponda kiasi kwa mgongo wa upawa zishikane. Tui zito kikombe kimoja, mwishoni, kwa masharti yaleyale. Kula na chapati. Wewe unayeanza nunua chapati kwa jirani anayezipika, kuzisukuma ni somo la siku nyingine, na si usiku una mtoto mchanga.

Muhogo na samaki wa kukaanga

Menya muhogo ganda zote mbili, ile ya kahawia na ile nene ya waridi chini yake. Kata, toa uzi wa katikati, osha. Onja kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi na ukiteme, mchungu utupe. Muhogo una sumu ya sianidi, mchungu ndio unayo nyingi. Mtamu nao uchemshe kwa maji mengi, sufuria wazi, maji hayo yamwagwe ukilainika. Kisha tui jepesi, chumvi, kitunguu na pilipili, uchemke dakika kumi, na tui zito la kumalizia. Watoto wangu wanaula bila kitu. Mimi nataka kipande cha nguru kilichokaangwa kikavu pembeni, na ndimu.

Samaki wa kupaka, kwa siku ya kujisifu

Hiki si kigumu, kina moshi tu. Changu au tewa mzima wa kilo moja, mkate mikato mitatu kila ubavu. Mpake thomu, tangawizi, chumvi, pilipili na ndimu. Mchome kwenye wavu juu ya makaa yaliyovaa majivu meupe, wala si yenye ndimi za moto, kama dakika nane kila upande. Huku sufuria ndogo ina tui zito kikombe na nusu, nyanya moja iliyokunwa, thomu, nusu kijiko cha manjano, chumvi, na kijiko kikubwa cha ukwaju mzito. Koroga kwa moto mdogo hadi rojo lishike mgongo wa mwiko. Paka samaki upande mmoja, geuza, paka wa pili, geuza tena, na rojo linalobaki mmwagie akiwa mezani. Hapa tui likikatika kidogo si msiba, lilikuwa linakwenda kukaukia juu ya samaki hata hivyo.

Jiko moja, sufuria mbili

Hili ndilo lililonisumbua kuliko mapishi yenyewe: vyote viwe moto kwa pamoja. Sisi hula baada ya Isha, kama saa mbili usiku, na utaratibu wangu ni huu. Saa kumi na nusu nakuna nazi zote mbili. Saa kumi na moja namtia samaki ndimu na kuloweka ukwaju. Kisha nawasha makaa, nakaanga samaki, napika mchuzi hadi pale tui jepesi limetiwa na bilingani zimelainika. Naepua hapo, samaki bado hajaingia ndani. Naloweka mchele, naenda kuswali Magharibi.

Nikirudi naongeza makaa, napika wali. Ukifika wakati wa kupalia, nauweka chini kandoni juu ya makaa machache na mengine juu ya sinia, jiko linabaki wazi. Mchuzi unarudi motoni, samaki anaingia, tui zito linafuata. Wali unapokamilika robo saa yake na mchuzi umeepuliwa. Kachumbari inakatwa na mtu mwingine yeyote aliyeko nyumbani na mikono miwili.

Jambo la mwisho ni kiporo. Wali wa nazi unachacha upesi kuliko wali mweupe, na joto letu halimsubiri mtu. Usiulaze ndani ya sufuria jikoni hadi asubuhi. Usizidi saa mbili nje. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha uutie kwenye friji ndani ya chombo kisicho kirefu, na asubuhi uupashe hadi utoe mvuke kote. Kuna vijidudu vya wali ambavyo mbegu zake haziuawi na kupika, vikikaa kwenye joto vinazaa sumu isiyoondoka kwa kupashwa. Kama hamna friji, pika vikombe viwili na nusu badala ya vitatu. Ukoko mwagie nusu kikombe cha mchuzi ungali moto, ufunike dakika tano, utabanduka wote kwa kijiko, na uite watoto kabla hujaketi wewe.